Kwa Teruhisa Inagaki, Aliyeyapa Uzito Magari ya Runingani

Mwaka umetimia, Teruhisa, tangu asubuhi ile ya mvua ulipoanguka kando ya meza yako ya kazi. Tungependa kusema umepita upesi. Haukupita upesi. Tumeuburuza kama mzigo.

Tunakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu mengi yamesemwa juu yako mwaka huu na watu ambao hawajawahi kula nawe meza moja. Acha sasa wasikie na sisi tuliokula nawe.

Kabla ya michezo ulikuwa dereva wa kujaribu magari mapya kiwandani. Mgongo ulipoharibika ukaachana na kazi hiyo, ukaajiriwa na kampuni ya michezo ya runinga iliyotaka kutengeneza mchezo wa mbio ambao magari yake yangekwenda kama magari ya kweli. Kaka yako Yasunori alikucheka mbele yetu sote.

"Mtu mzima na ndevu zako, unakwenda kutengeneza vitu vya kuchezea watoto?"

"Ndiyo," ukamjibu, "na utakuja hapa kuniomba zamu."

Kazi yako ilikuwa ngumu kueleza, na wewe hukuwa mtu wa kueleza. Wenzako walichora magari, wengine wakarekodi milio ya injini. Wewe uliyapa uzito. Wewe ndiye uliyesema tairi ianze kuteleza lini, pua ya gari izame kiasi gani mtu akikanyaga breki, na gari lenye injini nyuma limgeukie vipi dereva asiyeliheshimu.

Jumapili ulimpakia binti yako Kanae kwenye kigari chetu cheupe, mkapanda barabara za milimani kule Chichibu. Ulimwambia afumbe macho.

"Haya, sasa gari limeegemea mguu gani?"

"Wa mbele, kulia!"

"Na sasa?"

"Sasa limeegemea tumbo langu, baba. Simama nitapike."

Ukasimama, ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Mama yako, Bibi Tome, ambaye huogopa hata lifti, alisinzia kwenye gari lako kabla hujafika kona ya kwanza. Mezani ulishika bakuli la supu kwa mikono miwili ukaligeuza kushoto na kulia, macho yako yakiwa mbali, na mkeo Mitsuyo akakupiga kofi mkononi. "Baba Kanae, supu inapoa. Ukimaliza kona hiyo, utuambie."

Kisha mchezo ulipokaribia kutoka, walioitwa kuujaribu wakalalamika kwamba ni mgumu. Magari yaliwateleza, wakagonga ukuta. Mkurugenzi wako, Bwana Kuramoto, akakuita akutake uyalainishe. Ulimsimulia Mitsuyo siku ileile, ukimwigiza hadi anavyokohoa.

"Wateja wetu ni watoto, Inagaki. Mtoto hanunui kitu cha kumwadhibu."

"Gari lisipomwadhibu anayechelewa kushika breki, hilo si gari, mkurugenzi. Ni bembea."

"Basi watengenezee bembea."

"Nipe muda. Nitafanya waelewe kwa nini wameanguka. Mtu akielewa kwa nini ameanguka, atarudia."

Akakupa muda. Alichokupa hasa ni ruhusa ya kutorudi nyumbani. Ukaanza kulala chini ya meza, juu ya maboksi yaliyofunguliwa. Ulikuja Jumapili, ukabadilisha mashati, ukalala kama gogo, ukaondoka. Gari moja likikamilika, jingine lilikuwa linasubiri, na kila moja ulilipitisha kwenye kila njia ya mbio, kwenye kila kona, tena na tena, kwa mikono yako mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua unachokitafuta.

Jumapili ya mwisho Mitsuyo alikukuta umekaa kitandani na soksi moja mguuni, umesahau ya pili. Akapiga magoti akakuvisha.

"Iache hiyo kazi, Baba Kanae. Nakuomba."

"Nikiiacha sasa wataifanya bembea."

"Waache waifanye. Mimi nataka mume."

Ulimshika kichwa, ukamwambia kichwa kinakuuma kidogo, utalala ukirudi. Hukurudi. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Mitsuyo alipofika hospitali mikono yako ilikuwa bado na joto, na vidole gumba vyako vyote viwili vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka na kukauka na kupasuka tena. Alivishika vidole hivyo mpaka walipomwondoa.

Kwenye mazishi Bwana Kuramoto alisoma salamu za kampuni. Alisema umekufa ukifanya ulichokipenda. Watu wakafuta machozi. Mitsuyo aliinama akashukuru, maana ndivyo mfiwa anavyofanya, na hakujua bado kwamba sentensi hiyo ingegeuzwa kuwa silaha dhidi yako.

Mchezo ukatoka majira ya baridi. Watu walipanga foleni tangu asubuhi mbele ya maduka ya Omiya. Kanae alikuwa akitoka shuleni, akawakuta vijana wawili wamesimama mbele ya runinga ya dukani, mmoja ameshika kidhibiti, anatukana.

"Gari la kishenzi hili! Linaniteleza!"

"Linakuteleza wapi? Umechelewa breki, fala wewe. Rudia."

Akarudia. Safari hii akaipita kona, akapiga kelele kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Binti yako alisimama pale na mkoba wake mgongoni mpaka mwenye duka akamuuliza kama amepotelewa na kitu. Alifika nyumbani akamwambia mama yake, "Hawakuyalainisha. Yameachwa kama baba alivyoyaacha." Ndiyo furaha pekee tuliyoipata mwaka huo, na haikulala nasi. Wiki iliyofuata gazeti la michezo likatoka na picha ya Bwana Kuramoto amekunja mikono kifuani. Alieleza jinsi alivyokataa katakata kuyalainisha magari, hata wenzake walipomsihi. Jina lako halikuwamo.

Hapo ndipo Mitsuyo alipoamua kupeleka madai ofisi ya kazi, kwamba umeuawa na kazi. Yasunori akaja mbio. Kiwanda chake kinaiuzia kampuni yako vifungashio, hilo tunajua sote.

"Shemeji, marehemu hatafufuka. Kwa nini kumvuta miguu mtu aliyekwisha kupumzika?"

"Amepumzika? Shemeji, wewe ulimwona lini akipumzika?"

"Watatusema."

"Wanaposema alikufa kwa kupenda, hapo hawatusemi?"

Hata mama yako siku ile alikuwa upande wa Yasunori. Alisema yeye ni mzee, anataka kuchoma ubani wake kwa amani.

Aliyetutia moyo ni kijana wako Odagiri, yule uliyemfundisha kazi, aliyekukuta sakafuni. Alikuja nyumbani, akapiga magoti mbele ya picha yako, akalia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. "Mama, mimi niliyaona yote," alimwambia Mitsuyo. "Alikuwa hapati hata saa ya kuoga. Nitasema. Nikifukuzwa nifukuzwe." Mitsuyo akampikia samaki uliokuwa ukiwapenda. Akala vipande vitatu, akatoka na kifurushi cha waliobaki.

Siku ya kusikilizwa madai, wakili wa kampuni alikuwa mtu wa adabu sana. Hakukanusha kwamba ulikaa ofisini usiku na mchana. Alikuwa na swali moja tu, na alilisema taratibu, kama anayemwonea mtu huruma. Katika saa zile zote, marehemu alikuwa akifanya kazi, au alikuwa akicheza?

Mitsuyo hakuelewa. Alidhani hakusikia vizuri.

"Namaanisha, mama," akasema yule wakili, "alikuwa amekaa mbele ya runinga, ameshika kidhibiti, anaendesha mbio. Wapo watu wengi katika nchi hii wanaokesha hivyohivyo, na hakuna anayewalipa. Alikuwa mpenzi mkubwa wa magari. Hata mkurugenzi wake alisema hivyo mazishini."

Kisha wakamwita Odagiri. Alikuwa amevaa suti mpya na amenyoa. Hakumtazama mkeo.

"Bwana Inagaki alikuwa anapenda sana kucheza," alisema. "Tulikuwa tukimwambia aende nyumbani. Alikuwa anacheza tu."

Wewe, Teruhisa, uliyemnunulia kijana huyo koti lake la kwanza la baridi.

Madai yakakataliwa. Jibu lilikuwa fupi. Saa zako nyingi hazikuthibitika kuwa za kazi. Kanae alilisoma mara moja, akalipeleka jikoni, akaliweka chini ya sufuria ya moto. Mitsuyo akalitoa, akalipangusa, akasema tutalihitaji kwenye rufaa. Tangu hapo anafanya kazi kwenye duka la kufulia nguo, na jioni anakwenda kwa wajane wenzake, ambao waume zao waliangukia kwenye maghala, kwenye mabenki, kwenye magari ya mizigo. Walipomsikia mara ya kwanza kwamba mumewe aliulizwa kama alikuwa akicheza, hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mama mnene anayevuta sigara sana, ambaye mumewe alikuwa wa benki, alimwambia, "Wa kwangu walisema alikuwa anapenda kuhesabu."

Juzi tulikufanyia kisomo cha mwaka. Kasisi wa hekalu alipomaliza, tukiwa tunakula, Bwana Kuramoto akaja na maua meupe, na nyuma yake Odagiri amebeba boksi lililofungwa kwa karatasi ya dhahabu. Ndani mlikuwa na ule mchezo. Nakala ya pekee, alisema mkurugenzi, ya ukumbusho wa mauzo. Akaliweka mbele ya picha yako kwa mikono miwili.

Halafu akaeleza kilichomleta. Wanatengeneza mchezo wa pili. Mwishoni, majina yatakapokuwa yakipita, wangependa la kwako litangulie, peke yake, kwa herufi kubwa, kwa shukrani. Watoto wa dunia nzima watalisoma. Akakohoa. Ila ingekuwa vigumu kufanya hivyo, akasema, kama familia na kampuni bado zinavutana.

Yasunori alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Shemeji, umesikia? Dunia nzima."

Mitsuyo alikuwa akitazama mikono yake, ambayo sabuni imeichubua. Tunasema kweli, maana wewe hatukudanganyi: alishawishika. Alitaka kuliona jina lako limesimama pale. Amechoka, Teruhisa.

Aliyezungumza ni mama yako. Bibi Tome, ambaye mwaka mzima alitaka amani yake, aliweka chini vijiti vya kulia na kumgeukia mgeni.

"Bwana mkubwa, mimi ni mzee wa shamba, sijui mambo ya runinga. Nina swali moja. Mwanangu alikuwa anacheza, au alikuwa anafanya kazi?"

Bwana Kuramoto akainamisha kichwa. "Mama, Inagaki alifanya kazi kuliko sisi sote. Bila yeye mchezo ule usingekuwapo. Nasema hivi kwa moyo wangu wote."

"Asante," akasema mama yako. "Basi kawaambie hivyohivyo kule rufani. Maneno hayohayo. Ukirudi, liweke jina lake unapotaka."

Bwana Kuramoto aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akainuka akaaga. Odagiri alibaki nyuma akivaa viatu mlangoni, akifunga kamba. Kanae alimpelekea lile boksi la dhahabu.

"Chukua, kaka. Kacheze."

Alilipokea. Tunakuambia alilipokea, akaondoka nalo kwenye mvua.

Rufaa itasikilizwa majira ya kuchipua. Bwana Kuramoto hajatupigia simu, wala hatumtarajii. Wakili wetu anasema tusiwe na matumaini makubwa. Tutakwenda hata hivyo, sisi watatu, na Bibi Tome amekwisha kushona kimono chake cheusi kilichokuwa kimeachia mshono begani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mitsuyo, binti yako Kanae, mama yako Tome, na shangazi yako Hisae wa Niigata. Kaka yako Yasunori ameomba jina lake lisiwekwe katika tangazo hili, nasi tumemtimizia.

Lala salama, Teruhisa. Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu. Na wale waliosema ulikuwa unacheza, nao hawatatutoka.