Mrushaji Asiyesemeshwa

Forest, Bruxelles
26 Aprili 2026

Mpendwa Shangazi Aziza,

Asalaam aleikum. Kabla sijakuuliza hata hali ya goti lako, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: sina rafiki hapa. Mama anadhani ninaye. Kila Jumatano, shule inapofungwa mchana, namwambia naenda kusoma na Graciella. Graciella ni msichana wa darasani kwetu ambaye aliwahi kuniazima rula. Ni hayo tu.

Sasa nakuuliza. Goti linaendeleaje? Mvua za huko kwetu Buyenzi zimepungua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Baba yuko Hispania na lori lake. Kaka Hassan amehamia mji wa Anvers kwa ajili ya kazi, na tangu aondoke nyumba imekuwa kubwa, ingawa vyumba ni vilevile.

Jumatano hizo huwa nakaa kwenye benchi lililo mbele ya jengo letu na mzee wa ghorofa ya chini, Bwana Martina. Siku ya Idi Mama alinituma nimpelekee sahani ya sambusa. Alipoirudisha alikuwa ameijaza machungwa, na akaniuliza kitabu nilichoshika kinahusu nini. Mwaka huu wote hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo.

Shangazi, mzee huyu alikuwa mchezaji wa kulipwa wa besiboli. Najua huko kwetu mpira ni wa miguu, hata mimi nilikuwa sijui lolote. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, na mtu wa timu ya pili anasimama na gongo kujaribu kuupiga. Bwana Martina alikuwa mrushaji. Alizaliwa Curaçao, kisiwa kilicho karibu na Venezuela, akajifunza kwa kulenga makopo kwa mawe. Akiwa na miaka kumi na minane alichukuliwa kwenda kucheza Marekani. Alichezea timu za miji midogo, akilala ndani ya basi, akingoja kuitwa kwenye timu kubwa. Aliitwa mara moja, akakaa huko majuma mawili, kisha bega likaharibika. Lilipopona kidogo akaja kucheza Uholanzi, akaoa Mbelgiji, na alipoacha mchezo akafanya kazi katika kiwanda cha magari hapa Forest. Mke amefariki. Kiwanda nacho kimefungwa. Anayasimulia haya bila kulalamika, huku akilikanda bega.

Jumatano iliyopita alinieleza desturi yao moja. Ikiwa mchezo unakaribia kuisha na wapinzani wote wameshindwa kupiga mipira ya mrushaji, wenzake hawamsemeshi tena. Wanaamini kumsemesha ni kumletea mkosi. Yeye ilimtokea mara moja tu, huko Uholanzi. Kila akirudi benchini kupumzika, wenzake walikuwa wamesogea mbali zaidi, mpaka yeye akabaki upande huu peke yake, na wao wote wamebanana upande ule kama kuku walionyeshewa.

"Nilikuwa na kiu," alisema, "na hakuna aliyethubutu kunipa maji. Walinipenda, unaelewa? Walinipenda mpaka wakanikimbia."

Katika raundi ya mwisho jamaa mmoja mnene, ambaye msimu mzima hakuwa amepiga kitu, akaupiga mpira ukapita juu ya kichwa cha Bwana Martina. Uwanja wote uliguna. Sasa hapakuwa tena na bahati ya kulinda, kwa hiyo mdakaji wa timu yake, yule anayeipokea mipira anayorusha, akamjia mbio, akaanza kumsimulia jinsi mama mkwe wake alivyommwagia supu. Bwana Martina anasema alitaka kulia, na pia alitaka kumkumbatia yule bwana na supu yake.

Nikamwuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuwasemesha.

"Ah bon, kumbe," akasema. "Waliokatazwa ni wao. Mimi sikukatazwa. Miaka arobaini sijawahi kuliwaza hilo!" Akacheka mpaka akakohoa. "Binti, ulikuwa wapi siku ile?"

Nilipanda ngazi nikiwaza kwetu. Kila Jumamosi kina mama wa Bujumbura huja kunywa chai, na vicheko vyao vinafika hadi barabarani. Nikitoka kuwasalimia, Mama husema, "Mwacheni, anasoma." Na rafiki yake, Mama Lucienne, hudakia, "Huyu ataolewa na kamusi! Mahari tutaidai maktaba!" Kisha wanashusha sauti, na mlango wangu unafungwa taratibu. Mama hafanyi hivyo kwa ubaya. Kutwa nzima anawaogesha na kuwavisha wazee wa watu ili mimi nisome. Ndiyo maana sikuwahi kumwambia kwamba kitabu hubaki kwenye ukurasa uleule, nami nasikiliza vicheko. Niliogopa angeona taabu yake yote imepotea bure.

Shangazi, karatasi inaisha. Nisalimie sana Babu Sultani, na dada Hidaya pamoja na mapacha wake, ambao bado sijui yupi ni yupi kwenye picha. Mola awahifadhi wote, na goti lako alipe nguvu za kukufikisha sokoni na kukurudisha.

Imebaki nikueleze nilichofanya jana. Walipokuja, nilitoka chumbani. Wakashusha sauti, kama kawaida.

"Tunakupigia kelele, mwanangu?" akauliza Mama Lucienne.

Nikasema hapana, nimekuja kukaa. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Mama aliniangalia, kisha akaondoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kando yake. Nikakaa. Niliwaambia kwamba sina rafiki, kwamba Graciella si rafiki yangu, na kwamba Jumatano huwa niko benchini na mzee wa chini. Hakuna aliyecheka.

"Na mitihani?" Mama akauliza.

Nikamjibu kwamba nitaifanya, lakini siwezi kuendelea kukaa peke yangu. Alinishika mkono chini ya meza na hakuuachia upesi. Alipouachia, nilichukua birika nikawamiminia wote chai, nikaanza na yeye.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka,
Sumaya