Mama Mudogo, Sasa Nasuka Bila Kuvuta

Mama Mudogo wangu,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeifunga saloni mapema, nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha, na nimeamua kukuambia yote. Barua hii sitaificha. Nikimaliza nitaibandika ukutani pembeni ya kioo, wanaojua kusoma wawasomee wenzao. Wengi wao uliwasuka wewe.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka nilivyofika kwako? Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu, dada yako, alinileta kutoka Kigwena ili nisome hapa Rumonge mjini, akaniacha mlangoni na mfuko wa nguo. Ulinitazama kichwa kabla hujanitazama uso. Nywele zangu zilikuwa zimechanganyika na vumbi na nyasi. Ulinikalisha katikati ya magoti yako, ukazilowesha, ukazichana, na jioni ile nililala nikiwa na mistari kumi na miwili iliyonyooka. Zuhura wako, aliyekuwa na miaka minne, alikuja kunigusa kichwa akacheka. Tangu hapo nikawa mtoto wako.

Nilipenda mikono yako. Ilinukia mafuta ya mawese na chai ya tangawizi. Lakini siku za kusukwa niliziogopa, sitasema uongo. Kila tulipokaribia Idi ulikuwa ukizikusanya hata zile nywele nyembamba za pembeni, zile laini za kwenye panja, ukazibana kwa ncha ya chanuo, ukafunga meshi, zile nywele za kuongezea, kuanzia kwenye shina kabisa. Machozi yalinitoka yenyewe. Wewe hukukasirika, ila hukulegeza pia.

“Vumilia, mutoto yangu,” ulisema. “Ukilia, mustari itapinda.”

Usiku sikuweza kulaza kichwa upande wowote, asubuhi macho yalikuwa yamevutwa kama ya mtu aliyeshtuka. Nawe ulinipeleka mbele ya kioo, na kweli nilikuwa nimependeza. Nikajifunza hivyo, kwamba kinachouma ndicho kizuri.

Najua kwa nini ulikaza. Baba yake Zuhura alikufa ukiwa bado kijana, na watoto wawili tulikuwa tunakula kwa vidole vyako. Wanawake wa Magara walikuja kwako baada ya kuuza samaki, wale wanaobeba mabeseni ya ndagala na mukeke kichwani kila siku. Walitaka msuko wa kukaa miezi miwili. Wa Kizuka walitoka kwenye michikichi na mikono yao imejaa mafuta, wakisema kwako ndiko wanakopata kazi isiyofumuka. Mji mzima ulisema hivyo: msuko wa Mama Zuhura haufumuki. Hilo ndilo lililokuwa jina lako, na ulilitunza.

Nami nikalirithi. Nilipomaliza shule ulinipa chanuo lako na upande wa kushoto wa saloni. Nilikaza kama wewe, na siku nyingine kukuzidi.

Jambo moja sikuwahi kuliuliza. Saloni yetu ilikuwa ya wanawake watupu, pazia limeshushwa, hata wake wa mashehe walivua mitandio yao wakaachia vichwa wazi. Wewe kitambaa chako hukukivua. Hukukivua ndani, hukukivua kwenye joto, hukukivua hata mbele yangu na Zuhura. Watu walisema Mama Zuhura ni mcha Mungu sana, nami niliamini.

Mpaka ule mwezi ulipougua. Miguu ilikuwa imevimba, huwezi tena kuinama kwenye beseni, na kichwa kilikuwa kinakuwasha. Zuhura alikuwa Bujumbura, kazini kwenye famasia. Asubuhi moja nilichemsha maji nikakuambia nitakuosha nywele. Kisha ukanyoosha mkono wako mwenyewe, ukafungua fundo la kitambaa, ukafumba macho.

Kutoka sikio hadi sikio hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa nyororo inang'aa kama mgongo wa kijiko, upana wa vidole vinne, na nywele zako zilianzia utosini. Nikamimina maji. Nikakuosha taratibu, na ukaanza kusimulia bila mimi kuuliza. Kwamba ulisukwa hivyo tangu utoto, na ulipokuwa msusi ukajisuka mwenyewe kwa kukaza zaidi ili wateja waone kazi yako. Kwamba kwanza vilikuja vipele vidogo kwenye mstari wa mbele, ukavipaka mafuta ukavisahau. Halafu nywele za panja zikawa nyembamba, ukazifunika kwa msuko mwingine, nao ukazing'oa zilizobaki. Ulipoamua kuacha, mizizi ilikuwa imekwisha kufa. Uliniambia ulipaka kila kitu, vitunguu, mawese, dawa kutoka Uvira. Hazikurudi.

Ukafungua macho ukanishika kifundo cha mkono.

“Nikikuwa bado mu dunia, unisitiri,” ulisema. “Nikienda, uwaambie.”

Nikakuahidi. Nilikufunga kitambaa kipya, tukanywa chai.

Hapa ndipo ninapotaka kukuambia kitu ambacho sikukuambia ukiwa hai. Nilikukasirikia. Nilikaa nje ya nyumba siku ile, natazama ziwa, nikihesabu miaka. Ulijua. Ulijua wakati unanikaza mimi kwa ajili ya Idi, ulijua wakati unamkaza Zuhura, ulijua kila mwanamke wa Magara alipoondoka ameshika paji la uso. Ulijua, na ukaendelea. Hasira hiyo nilikuja nayo mpaka kaburini.

Halafu nami nikaendelea. Hiyo ndiyo aibu yangu. Ulipokufa wateja waliniuliza, “Unaweza kama Mama Zuhura?” nami nikajibu ndiyo. Mwaka mzima nilikaza. Niliogopa saloni itakufa mikononi mwangu. Kila mara nilijiambia nitaanza kusema wiki ijayo. Ndipo nilipokuelewa, Mama Mudogo, na nikakusamehe, maana nilikuwa nafanya vilevile.

Aliyenizindua ni Zuhura.

Alikuja kutoka Bujumbura siku kumi na tano kabla ya harusi yake. Alikaa kwenye kiti akasema anataka misuko midogo midogo, mirefu mpaka kiunoni, yote imevutwa juu na kufungwa kama taji. “Kama Mama alivyokuwa ananisuka, Yaya,” alisema, akiniita dada mkubwa kama zamani. Nikamfungua nywele. Kwenye panja zote mbili ngozi ilikuwa inaonekana. Mstari wa mbele ulikuwa na vipele, na nywele pale zilikuwa chache, fupi, zimekatika. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Niliona kichwa chako.

Nikaweka chanuo chini. Nikamwambia sitaweza kumsuka hivyo, nikamwambia sababu, yaani nilichokiona asubuhi ile nilipokuosha. Nilidhani atalia. Alisimama.

“Mama alikuwa na nywele,” alisema. “Unamusemea uongo juu hayuko tena.”

Akajifunga mtandio wake akaenda saloni nyingine ng'ambo ya soko, wakamsuka kama alivyotaka. Siku tatu hakunisemesha. Tulikuwa nyumba moja, tunapishana kwenye mlango wa jiko kama wageni, na shangazi zake wanauliza kuna nini. Nilijua naweza kumpoteza. Nilitaka mara kadhaa kumwambia yaishe, nimefanya vibaya, nitakusuka unavyotaka. Lakini nilishafanya hivyo kwa wengine mwaka mzima.

Siku ya nne asubuhi aliingia saloni kabla sijafagia. Hakuweza kugeuza shingo. Kope zilikuwa zimevutwa juu, na vile vipele vya mbele vimeiva vina usaha. Alikaa chini katikati ya magoti yangu, si kwenye kiti.

“Fumua,” alisema.

Tulifumua mpaka alasiri. Nilitandika kitambaa cheupe pajani, na kila nywele iliyotoka na mzizi wake, wenye kidoa cheupe mwishoni, niliiweka pale ili aione. Zilikuwa nyingi. Baadaye aliuliza kama na wewe uliumwa hivi. Nikamweleza ulivyonieleza, kuhusu vipele, dawa za Uvira, na kwa nini kitambaa hakikuvuliwa. Akalia kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu, na mimi naye. Nadhani ile ndiyo siku tuliyokulilia vizuri.

Kichwa tulikipumzisha. Nilikiosha kwa maji ya uvuguvugu, usaha ukakauka, nikakiacha wazi mpaka siku moja kabla ya harusi. Kisha nikamsuka kwa namna ambayo sikuwahi kufundishwa. Niligawa mafungu makubwa. Kila msuko niliuanza kwa nywele yake mwenyewe, mizunguko mitatu bila kuongeza kitu, ndipo nikaingiza meshi, nyuzi chache, kisha chache nyingine, ili uzito usiangukie kwenye shina. Meshi nikazikata ziishie mabegani. Na mbele kabisa, upana wa kidole kimoja, sikugusa. Nywele zile laini nilizipaka mafuta nikazilaza kwa kiganja. Kila baada ya msuko nilimwambia ainue nyusi. Zikipanda bila maumivu, naendelea. Akikunja uso, nafumua naanza upya.

Harusini nilisikia minong'ono. Kwamba mimi, Aziza, sijui tena kazi, misuko imelegea kama ya mwezi uliopita. Shangazi wa bwana harusi alimwendea bibi harusi akamuuliza kama msusi aliishia njiani. Zuhura alimjibu kwa heshima kwamba msusi amemaliza, na kwamba yeye leo haumwi na kichwa. Akaenda kucheza. Alicheza, Mama Mudogo, kuliko wote.

Baada ya hapo nikaamua, na sijarudi nyuma. Sikazi tena. Watoto wadogo siwatii meshi kabisa, nawasuka nywele zao tu. Anayetoka kwenye msuko lazima apumzike kabla ya kusukwa tena, na nikiona vipele mbele namrudisha nyumbani na kichwa wazi. Wengi waliniacha. Wa Magara waliondoka karibu wote, wakisema msuko wangu unakaa wiki nne tu. Ni kweli, unakaa wiki nne. Kuna siku nilikaa toka asubuhi mpaka mchana nikifuta kioo kisicho na vumbi.

Kisha akaja Mwavita, yule muuza samaki mrefu uliyekuwa unamwita dada. Alikaa akasema nimvute kama ulivyokuwa unamvuta. Saloni ilikuwa na wanawake sita. Nikatazama mahali ngata yake inapokaa, pale anapowekea beseni, na mbele yake nikaona palivyoanza kung'aa. Nikasimama katikati, nikawaambia wote kuhusu wewe. Nilisema jina lako. Nilisema kwamba Mama Zuhura alikufa bila nywele za mbele, kwamba msuko wake mwenyewe ndio uliozichukua, na kwamba aliniachia kazi ya kuwaambia.

Mwavita alikuwa ananitazama kwenye kioo.

“Alinivuta miaka kumi,” alisema. “Na yeye ilikuwa namuuma hivyo?”

Nikasema ndiyo. Akaniomba nimsuke ninavyojua mimi, ila niache nafasi utosini ili ngata isikandamize mafundo. Nikampangia misuko ya kuzunguka, mizito nyuma, myepesi mbele. Wiki ya nne alirudi, na alikuja na mdogo wake.

Sikudanganyi kwamba saloni imejaa. Inajaa nusu. Wapo wanaoingia, wakisikia sivuti, wanageuka mlangoni. Nawaaga vizuri, wanaondoka. Mkono wangu hautarudi kule, hata nikibaki na wateja watatu.

Jumapili iliyopita Zuhura alikuja kunitembelea na mume wake. Mume alikwenda ufukweni, tukabaki wawili uani. Ni mwaka na miezi kadhaa tangu tufumue. Aliinamisha kichwa, akachukua kidole changu cha shahada, akakiweka kwenye panja yake ya kushoto.

“Gusa, Yaya.”

Nilizigusa. Zilikuwa fupi, laini, zinasimama zenyewe kama manyoya ya kifaranga. Upande wa kulia pia zipo, chache zaidi. Kwako hazikurudi, Mama Mudogo. Kwa mwanao zimerudi.

Pumzika kwa amani. Murakoze, asante sana, kwa kila ulichonifundisha, na kwa asubuhi ile uliyofumba macho ukaniacha nione.

Mtoto wa dada yako, uliyemlea kama wako,
Aziza