Kutu ya Baba

Jumamosi, 5 Oktoba 1996. Masasi
"Hiyo ni maiti ya pikipiki. Izike." Kauli ya Silvesta, mtoto wa shangazi yangu, tangu baba afariki. Uongo. Leo nimekanyaga kiki, ikaurudisha mguu wangu juu kwa nguvu. Maiti haipigi teke. Mchana kutwa nimesugua tangi kwa mchanga na mafuta ya taa. Chini ya kutu, rangi ya kijani, ile ile. Nimelia kidogo. Basi.

Jumatano, 9 Oktoba
Pete za pistoni nimezipata kwa fundi wa mashine ya kusaga. Duka jipya sokoni lina redio na miwani ya jua; pete hakuna. Ndilo soko huria hilo. Nitaandika gazetini.

Kwa pikipiki hii baba alimshusha mama kutoka Newala hadi Masasi, uchungu umemshika, anizae. Nimemwahidi mama: Siku ya Marehemu, Novemba 2, nitampakia, twende kaburini kwa baba, Mnyambe. Ameshatoa kanga mpya sandukuni.

Jumapili, 13 Oktoba
Imewaka! Mngurumo ule ule uliokuwa ukimtangulia baba kwenye kona. Majirani wametoka. Silvesta naye amekuja, akaizunguka, akagusa tangi.
"Shikamoo, mali ya mjomba wangu."
Watu wamecheka. Nami nimecheka, ni mtani wangu tangu utoto.
"Marahaba," nimeijibia pikipiki. "Rudi kwenye korosho zako."

Ijumaa, 18 Oktoba
Haukuwa utani. Amekuja na wazee wawili wa ukoo wa baba. Mali ya mjomba hurithiwa na mpwa, si mtoto. Ndiyo mila yetu.
"Baba Neema, si wewe uliyeandika gazetini kwamba anayeidharau mila hii ni mtumwa wa wazungu?" mzee mmoja ameniuliza.
Ni mimi. Na bado naamini. Hapo ndipo panapouma.
Lakini miaka yote ilipolala chini ya mkorosho, mpwa hakuleta hata tambara. Ilipokuwa kutu, ilikuwa ya baba yangu. Iliponguruma, ikawa ya mjomba wake. Kuna mfanyabiashara anatafuta mtu mwenye pikipiki wa kumkusanyia korosho vijijini Chilangala. Mila yenyewe ndiyo hiyo! Wazee wamekunywa chai yangu, wakasema nimpe mwenzangu. Nimeisukuma mwenyewe hadi barabarani. Mtani msaliti.
Nimemwomba Silvesta jambo moja: Siku ya Marehemu aniachie pikipiki, kwa ajili ya mama.
"Ondoa shaka, mtani."

Jumamosi, 2 Novemba
Hakuja. Mama amekaa barazani na kanga yake mpya tangu asubuhi, akisikiliza kona. Mchana akaivua, akaikunja.
Tumekwenda Mnyambe kwa lori. Dereva amempa mama kiti cha mbele. Njiani tumempita Silvesta. Mahali ambapo mama angekaa, gunia la korosho. Amepiga honi.
Kaburi tumelisafisha. Tumerudi.
Sasa nyinyi, Patriki na Yona, watoto wa dada yangu Anjela. Nina baiskeli, taipureta na kabati la vitabu. Kwa mila ni vyenu, sibadili neno. Ila msingoje nife. Kabati limeingia mchwa. Njooni sasa. Njooni na tambara.