Ndoo ya Rangi Iliyobeba Buruma ya Babu

Chumba cha nyuma,
Karakana ya makochi,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Habari za huko uliko, na za mgongo wako? Mara ya mwisho ulisema unashindwa hata kuinama ndani ya mashimo yenu ya lifti. Natumaini umepata nafuu, na wifi na watoto hawajambo. Sisi tunapumua. Macho ya baba yamezidi kufifia, hawezi tena kufungua na kutengeneza saa ya mtu, ila ulimi wake uko palepale.

Nimeona nikuandikie kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na simu zetu zina tabia ya kukatika mahali pabaya. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Wiki tatu zilizopita mama mkubwa alinipigia kwa siri. Baba mkubwa alikuwa amepangiwa upasuaji wa tumbo, na madaktari hawakumficha: moyo wake ni dhaifu, huenda asiamke. Aliomba kitu kimoja tu, aione buruma ya babu kabla ya kulazwa. Kuivuta hapana, moshi alikatazwa siku nyingi. Alitaka kuiona na kuishika.

Unajua neno hilo lilivyo katika nyumba yetu. Vijana wanaiita shisha, sisi tulikatazwa hata kuitaja. Tangu baba alipoibeba kwa baiskeli kutoka nyumbani kwa kaka yake, huku mwenyewe yuko darasani anafundisha, wamemaliza miaka kumi na moja hawajasalimiana. Na wewe ulipomwambia airudishe, ulifukuzwa mezani sahani yako bado imejaa. Mimi siku ile nilinyamaza. Nimekijutia kimya kile kuliko unavyodhani.

Nikamwendea baba kwa miguu mizito. Nilitegemea kelele. Alisugua magoti, kisha akasema, "Ipeleke. Lakini ikifika na ufa, hata wa unywele, atasema nimeivunja makusudi. Na ataingia kwenye kisu na neno hilo moyoni."

Kaka, fikiria mwenyewe. Saa saba za treni na kioo chembamba kama ganda la kitunguu! Mabegi ya kubebea yanauzwa, nilikwenda kuyaangalia, lakini yametengenezwa kwa hivi vidude vifupi vya siku hizi, na bei yake inakufanya uombe maji ya kunywa. Nikarudi karakana nimeinamisha kichwa. Nikakanyaga vipande vya sponji sakafuni, vile ninavyofagia kila jioni na kuvitupa. Nikajicheka mwenyewe. Fundi makochi mzima natafuta kitu laini dukani!

Nilichukua ndoo ya rangi ya lita ishirini, yenye mfuniko wa kukaza, nikaisugua mpaka harufu ikaisha. Sponji nikaikata kwa duara, nikatoboa kila moja katikati kufuata umbo la chupa: tundu dogo chini, pana penye tumbo, dogo tena shingoni. Nikazipanga moja juu ya nyingine kwa gundi na kuzivika mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno. Shina la shaba ni refu, halikuingia, kwa hiyo nililitengenezea nyumba yake: kipande cha bomba la plastiki nilichokishona ubavuni mwa ndoo. Mrija nikauviringisha juu, na kile kichwa cha udongo nikakivalisha soksi. Mkanda wa kuning'iniza begani ni wa kiti cha gari bovu, fundi magari jirani alinikatia. Nilichonunua ni gundi tu.

Sikuthubutu kuijaribu na chupa yenyewe. Niliweka ndani chemni ya taa, nikafunga, nikaisukuma ndoo kutoka juu ya meza ya kukatia. Ilipogonga sakafu nilisikia mlio mwembamba, *che!* Nilipofungua, chemni ilikuwa vipande vitatu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia mlio ule alitafuta kiti kwa mkono kama mtu aliyepigwa, akakaa.

"Ndivyo ilivyolia," akasema.

"Nini, baba?"

"Chupa ya baba yangu. Niliifunga kwa shati, nikaitia kwenye gunia nyuma ya baiskeli. Sikufika hata daraja la pili, nikaanguka. Hii unayoishonea ndoo niliinunua mwezi uleule. Siyo ile."

Kaka, nilishika mkasi nikausahau mkononi. Miaka kumi na moja tunadhani mzee wetu ni mkaidi, kumbe alikuwa anaona haya. Alishindwa kuirudisha kwa sababu hakuwa na cha kurudisha. Shina ni lile la babu, kichwa ni kile, lakini chupa ni ya duka.

Akanishika mkono. "Usimwambie. Si sasa. Akipona nitamwambia mwenyewe."

Nilimjibu kwamba sitamwambia. Lakini nilimwambia pia kwamba akiniuliza ana kwa ana sitamdanganya mtu anayekwenda kupasuliwa. Aliondoka akipapasa ukuta.

Nilirudi kwenye ndoo kwa hasira. Kosa nililiona: chini niliweka tabaka moja jembamba, na juu mfuniko ulikuwa unaikandamiza chemni. Nikaongeza matabaka mawili chini, nikaacha nafasi ya vidole viwili juu na kuijaza pamba ya mito. Nikaisukuma tena, mara tatu. Chemni ya pili ilitoka nzima.

Jumatano alfajiri nilikuwa stesheni. Mlinzi wa ukaguzi akaigonga ndoo kwa kirungu.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Buruma."

"Buruma ndiyo mdudu gani?"

Mwenzake akamwambia ni shisha, wakacheka, kisha yule wa kirungu akaniamuru niitoe yote niiweke juu ya meza ya chuma. Nyuma yangu watu wanasukumana na masanduku. Niliitoa chupa nikaikumbatia, nikamwambia nitaishika mwenyewe, achungulie atakavyo, lakini kwenye chuma haikai. Akaniangalia. Nadhani aliona uso wangu haukuwa wa mchezo. Akamulika kurunzi ndani ya ndoo, akapapasa mahameli, akasema, "Umeitandikia kitanda kizuri kuliko changu. Pita."

Safari nzima ndoo ilikuwa mapajani. Kila treni ilipofunga breki niliikumbatia. Miguu ilikufa ganzi, sikusimama hata kwenda msalani. Na kilichonitisha hakikuwa kioo tena.

Nilimkuta baba mkubwa kitandani, amekonda mpaka pete inamcheza kidoleni. Mama mkubwa akamwegemeza kwenye mito. Nilifungua mfuniko, nikaunganisha shina na chupa, nikamwekea mapajani. Haikuwa na alama hata moja.

Alilishika shina kwanza, akatabasamu. Kisha vidole vikashuka kwenye chupa, vikazunguka shingoni, vikarudi, vikazunguka tena. Tabasamu likaondoka polepole.

"Ya baba ilikuwa na kipele cha hewa hapa," akasema. "Nilikuwa nakitafuta kwa dole gumba tangu sijaota meno ya ukubwa." Akaniangalia. "Hii chupa ni ya nani, mwanangu?"

Mama mkubwa alinitazama kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Nilikumbuka meza ile na sahani yako. Nikamwambia yote: shati, gunia, baiskeli, daraja.

Alifumba macho. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka nami nakihesabu. Nilijiona nimemuua.

"Nipe simu," akasema.

Niliipiga namba ya baba, nikamshikia sikioni. Baba aliitika akidhani ni mimi, akauliza kama imefika salama. Baba mkubwa alimeza mate, kisha akamwuliza mdogo wake, neno la kwanza tangu mwaka ule: "Ulipoanguka na baiskeli, uliumia?"

Kule upande wa pili nikasikia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa baba, hata siku ya mazishi ya mama.

Keshoye mume wa jirani alimpandisha baba kwenye treni. Alipofika, baba mkubwa alikuwa tayari amevaa shuka la hospitali. Hawakusema mengi. Baba alitembea kando ya kitanda cha magurudumu, mkono juu ya bega la kaka yake, mpaka muuguzi alipomzuia mlangoni.

Upasuaji ulichukua saa tano. Ameamka, kaka. Bado ni mdhaifu, wiki hii yote madaktari hawatamki neno "kupona", nasi hatuwalazimishi. Baba analala kwenye kiti pembeni yake, wanabishana kuhusu dirisha, lifungwe au liachwe wazi. Jana, kabla sijapanda treni ya kurudi, baba alinivuta kando akaniuliza kama nina anwani yako. Nilimwambia ninayo. Akasema, "Mwandikie kwamba kiti chake kipo." Nimekuandikia.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto wote wawili, na yule mkwe wako mpishi mwambie bado nadai ile siri ya mchuzi. Mama mkubwa anakusalimu, shangazi pia. Mungu akulinde huko juu kwenye kamba zako, akuteremshe salama kila siku.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nilipokuwa nimenyamaza,

Sindano