Mimi Mzima, Hofu Kwako

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi mzima, wifi yako mzima, na cherehani zote mbili hazijambo, ingawa moja imeanza kula uzi. Hofu ni kwako tu, uliye mbali na unayekula peke yako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya duka kila mteja huisikiliza, na mama mkwe wangu yuko hapa tangu mwezi uliopita. Jambo lenyewe ni Chiriku. Asubuhi mwanangu anaamka vizuri, anaruka kamba, anaongea mpaka namwomba anyamaze kidogo tupumue. Ikifika saa sita miguu inaanza kupinda. Saa tisa anatembea kwa ncha za vidole, na jioni namrudisha nyumbani mgongoni, mtoto wa miaka minane. Mwalimu wake amemwita mwigizaji mbele ya darasa zima. Eti mtoto aliyekimbia uwanjani asubuhi hawezi kuwa kilema mchana. Nilitaka kwenda kumshona mdomo, wifi yako akanizuia mlangoni.

Daktari naye anasema ubongo uliumia siku ya kuzaliwa, na kwamba Julai watamkata kano za visigino ili miguu inyooke. Lakini hana uhakika, nimemwona machoni. Sasa wewe si ndiye unayesoma damu za watu kwa kompyuta? Isome na hii ya kwetu kabla hawajashika kisu.

Kaka yako,
Fundi


21 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama. Mimi sijambo, ila mafua hayaniachi, maana ofisi yetu hupozwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya watu.

Nimezungumza na bosi wangu, mama mmoja asiyecheka mpaka mwisho wa mwezi. Amekubali kwa sharti kwamba ombi liandikwe na daktari wa Chiriku, na majibu yaende kwake. Daktari amekubali haraka. Nadhani naye alikuwa anatafuta pa kushika.

Kwanza kabisa, sisomi damu, nasoma herufi. Mwili wa kila mtu una maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, zinazojirudia mara bilioni tatu na ushee. Mashine inayasoma vipande vipande, kisha programu zangu zinaviunganisha na kuuliza huyu mtoto ametofautiana wapi na watu wengine. Zinarudi na tofauti mamilioni, na karibu zote hazina neno. Chukulia umeletewa gauni lenye mishono mamilioni, ukaambiwa utafute mmoja uliofyatuka. Ndiyo maana nawahitaji wazazi. Tofauti aliyonayo mtoto, ambayo mzazi mzima wa afya anayo pia, naitupa. Inayobaki ndiyo ninayoichunguza. Tena hazina ya kumbukumbu tunayolinganishia imejaa watu wa mbali, watu kama sisi ni wachache humo, kwa hiyo mambo yetu ya kawaida yanaonekana mageni. Bila nyinyi wawili nitazama.

Kwenye kifurushi kuna vichupa vitatu. Kila mtu ateme mate kwenye chake mpaka kwenye mstari, na kabla ya hapo akae nusu saa bila kula wala kunywa. Uniandikie na afya ya kila mmoja wenu, niijaze kwenye faili.

Nibusie Chiriku. Mwambie shangazi yake anajua kwamba haigizi.

Mdogo wako


18 Machi

Mdogo wangu,

Salamu sana. Sisi hatujambo.

Vichupa hivyo, vimejaa. Chiriku alikijaza chake kabla sijamaliza kusoma maelekezo, na kwa kinywa kile sikushangaa. Umeuliza afya. Wifi yako mzima, mimi mzima. Andika hivyo hivyo.

Mama mkwe anakusalimu. Anasema kwao hajawahi kuzaliwa mtoto mwenye miguu ya namna hii. Alisema wakati wa chai, akarudia wakati wa kutoa vyombo, na sasa hivi ananichungulia nikifunga barua.

Kaka yako,
Fundi


24 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na habari za wote hapo nyumbani. Mimi nipo.

Kabla ya kutafuta chochote, programu huhakikisha kwanza nani ni nani. Mtoto lazima awe nusu wa mama, nusu wa baba. Kwa faili hili, kaka, wewe hukuchangia kitu. Usishtuke, soma mpaka mwisho. Kichupa chenye namba yako hakina hata dalili ya mwanamume. Kinafanana na cha wifi herufi kwa herufi. Kwa maneno mengine, kompyuta inasema baba na mama wa Chiriku ni mtu mmoja. Hongera, umejioa.

Bosi alicheka, tena katikati ya mwezi. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama ndugu zangu wanafanya mzaha na mtoto wao. Nilikwenda chooni nikalia. Mashine ina foleni, Julai inakuja, na tumepoteza zamu yetu. Kichupa kingine kimo humu.

Siulizi kwa ugomvi. Nauliza tu, kwa nini?

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata, na aibu yangu nimeipata pamoja nazo. Wifi yako hana kosa. Nilimwambia mate yamenikauka, akanijazia, kama anavyonisaidia mambo mengine mengi.

Niliogopa. Mtu mzima mwenye ndevu, nimeogopa kichupa cha plastiki. Kila siku nasikia "kwetu hakuna, kwetu hakuna," nami sijui kwetu kuna nini. Nikawaza, je, ikitoka karatasi inayosema ni mimi niliyempa mtoto miguu ile, nitamtazamaje wakati namvua viatu? Nikaona heri isijulikane. Ndivyo nilivyofikiri, na sasa nikiandika naona ujinga wake. Nilikuwa naficha uso wangu kwa gharama ya miguu ya mwanangu.

Nimemweleza wifi yako. Alininunia siku nzima, kisha akaja akanishikia kichupa mwenyewe, akasimama mbele yangu kama askari mpaka mate yalipofika kwenye mstari. Kimo humu ndani. Samahani kwa mwandiko, naona unaporomoka. Jua limeshuka na mimi bado naandika.

Kaka yako,
ambaye leo hastahili kuitwa Fundi


13 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Ahsante kwa kuniambia ukweli. Na safari hii mashine imeridhika: Chiriku ni wa mama yake nusu na wako nusu. Ubishi wote ni wa upande wako, hilo halikuhitaji mashine.

Lakini sina habari njema. Mamilioni yalipungua yakawa maelfu, maelfu yakawa machache ya kuhesabika, na hayo nimeyachunguza moja moja, nikisoma kila kilichowahi kuandikwa juu yake. Hakuna linalohusu miguu. Nimebadilisha vipimo, nimerudia kazi yote, jibu ni lile lile. Bosi ameniambia hutokea, familia nyingi huondoka bila jibu. Nikamwambia familia nyingi si Chiriku.

Nilitaka nikupe kitu cha kuuzuia mkono wa daktari. Nimekosa. Nisamehe, kaka. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Mdogo wako


24 Juni

Mdogo wangu,

Salamu sana. Mimi mzima, hofu kwako unayejilaumu bure. Umefanya uliloweza. Na usilie tena chooni, utaongeza mafua.

Ukiona mwandiko mzuri ujue ni wa wifi yako, maneno ndiyo yangu. Ni jioni, na mkono wa fundi ukifika jioni haufai: vidole vinajikunja vyenyewe, kalamu inaanguka, mkasi ndiyo kabisa. Vitambaa vyote nakata asubuhi, mchana nabaki kushona tu. Uchovu wa kazi. Marehemu baba naye alikuwa hivyo hivyo.

Tumekubali upasuaji. Ni tarehe tisa mwezi ujao. Chiriku ameniuliza kama baada ya hapo ataweza kuruka kamba jioni na wenzake. Nimemwambia ndiyo. Mungu anisaidie na ile ndiyo.

Kaka yako,
Fundi

Wifi, mimi mwandishi nami naongeza langu. Usimsikilize, si uchovu. Hata siku asiyogusa kazi, ikifika jioni hawezi vifungo vya shati. Namfungua mimi, tangu tuoane.


3 Julai

Kaka,

Shikamoo. Jana kwenye simu nilipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakasimama mlangoni. Sasa nakuandikia kwa utulivu, uwe na maelezo mkononi.

Mzima! Kila barua mimi mzima, mimi mzima. Nami nikaichukua salamu nikaiingiza kwenye kompyuta kama kipimo cha hospitali. Wewe na mimi hatuna akili, tumezaliwa tumbo moja kweli. Kwenye faili la familia kila mtu ana nafasi moja ya kujazwa, mzima au mgonjwa, na kwenye yako niliandika mzima. Kompyuta haijui adabu za barua. Iliamini, na kila tofauti unayoshiriki na mwanao ikaitupa nje, kama nilivyoiamuru.

Nilipofika kwenye maneno ya wifi nilimkumbuka mama akimfungua baba vifungo kila jioni, pale kwenye benchi la jikoni. Sisi tulidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa yote mawili.

Nikabadilisha neno moja mbele ya namba yako, nikaamuru kazi ianze upya, nikaenda kula. Niliporudi orodha ilikuwa fupi, na moja ilisimama juu ya zote. Ni jeni inayousaidia ubongo kutengeneza kemikali ya kuongoza misuli. Kwa Chiriku kuna herufi moja iliyobadilika, na kwako ni ile ile, mahali pale pale. Kwa watu wa namna yenu kemikali hiyo hupungua kadiri siku inavyokwenda, na usingizi huirudisha. Wengine hali hii huwapata miguuni, wengine mkononi tu, wengine wanazeeka bila kuihisi. Mwalimu aelezwe hilo, tena mbele ya darasa.

Na ina dawa, kaka! Vidonge vinavyojulikana miaka mingi, si kitu cha ajabu. Daktari amepokea majibu, ameahirisha upasuaji, na ataanza kwa dozi ndogo huku akimwangalia. Akitaka kupima tena, mkubalie. Naye akuangalie na wewe.

Ulichokiogopa ni kweli, imetoka kwako. Lakini bila mate yako na mkono wako nisingeiona maisha yangu yote. Nenda kachukue dawa, umpe mtoto miguu yake.

Mdogo wako


11 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Kimya chako kinanimaliza. Simu ya duka haipatikani. Kama dawa haikufanya kazi niambie, mimi si mtoto. Kama imefanya kazi na hujaniandikia, nitakuja huko nikuchape.

Mdogo wako


27 Agosti, jioni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana zikufikie. Mimi si mzima. Nimeliandika hilo kwa mara ya kwanza maishani na paa halikuanguka. Nina ugonjwa wenye jina refu kuliko kanzu, nameza nusu kidonge kila asubuhi, na hofu isiwe tena kwako.

Simu ilitumbukia kwenye ndoo, lakini hiyo ni nusu ya sababu. Sikutaka kukuandikia kabla ya kuwa na hakika. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku za mwanzo hatukuona kitu, wifi yako akaanza kunikwepa macho. Daktari akaongeza dozi kidogo. Kisha alasiri moja nilikwenda kumchukua shuleni kama kawaida. Nikasimama getini, nikachuchumaa, nikainamisha mgongo apande. Nikaona viatu vyake vinanipita pembeni. Visigino vyote viwili chini. Akarudi, akainama, akaniuliza, "Baba, unatafuta nini hapo chini?"

Nikamwambia nimeangusha kifungo. Akanisaidia kutafuta, maskini, na mimi nikijifanya jasho limeniingia machoni.

Sasa anaruka kamba mpaka giza. Mwalimu ameomba radhi mbele ya darasa lile lile, nami nimemsamehe, ingawa suruali yake nimeichelewesha makusudi. Mama mkwe anasema kwao hakuna mtoto asiyetulia namna hii, lazima ni damu ya upande wangu. Nimekubali kosa.

Lakini tazama mwandiko, mdogo wangu. Ni jioni, na mstari wa mwisho umenyooka kama wa kwanza. Barua yote nimeiandika mwenyewe, wifi yako amekaa hapa kando hana kazi. Namwambia hata vifungo sasa naviweza.

Anasema anajua, na hata hivyo ananifungua.

Kaka yako,
Fundi