Yule Mutoto Aliyeanguka Mutoni

Mangobo, Kisangani, Zaïre

Mudogo wangu Saleh,

Salamu nyingi kwako, na kwa Dada Zaina, ambaye najua amekaa hapo kando akikusikiliza ukisoma. Dada, umelala je? Muguu unavimba bado? Mimi niko muzima, mafuta tu yamenikimbia. Bon, habari kubwa: filme ya pili ya Bwana Upepo, yule mutu anayeruka, imefika huku kwetu! Nimeieleza kwa Kiswahili mbele ya sali nzima ya sinema, watu wakanibeba mabegani mpaka sokoni. Na yule mutoto mwanamuke aliyeanguka mutoni mwisho wa filme ya kwanza, Dada, aliokolewa. Muzima kabisa.

Saleh, hapa kohoa. Sema koo imekauka, toka, umalize kusoma peke yako nyuma ya nyumba.

Hakuna aliyenibeba. Filme ile ni takataka. Miaka miwili nimewaambia watu wangojee ya pili, kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kuonja tu. Bon, nikasimama kando ya shuka ya sinema na fimbo yangu, niwaelezee watu kama kawaida. Kifaransa changu unakijua, kiliishia darasa la tatu. Yanayobaki najaza mwenyewe. Kwenye shuka akatokea mutu mwenye tumbo, watu wakaanza kuniita:

— Papa Ramazani, huyu iko nani?

— Bwana Upepo.

— Bwana Upepo hakuwa na tumbo!

— Ameoa.

Wakacheka. Akaruka.

— Papa, tunaona kamba!

— Si kamba, ni mushipa. Mutu akiruka sana, unatoka nje.

Wakacheka tena, lakini sasa walinicheka mimi. Akapigana na mamba wa mpira mwenye vifungo tumboni, akacheza dansi katika baa, ikaisha.

Kamba sikuijali. Nilikuwa natafuta mutoto. Kila maji yalipoonekana nilisogea mpaka pua ikagusa shuka. Mama mumoja muuza pondu, yale majani ya muhogo, akaita kutoka nyuma: «Papa, na yule mutoto wa mutoni?» Mimi, niliyewahi kumupa hata farasi maneno ya kusema, nikaacha fimbo palepale. Nikapanda kwa mwenye mashine, nikamwambia labda amesahau bobini moja ya filme. Akanitazama.

«Filme iko nzima, citoyen. Mutoto gani?»

Hawakumuua hata, Saleh. Walimusahau tu.

Na Dada, tangu pirogi, ule mutumbwi, ipinduke na Amina, mutoto wake, muto usirudishe kitu ila ndara moja, katika barua zenu haulizi lingine: mutoto wa filme alitoka? Umeandika kwamba sasa hata chakula hataki, anangojea jibu hilo. Ningekuja, lakini treni ya kuja huko kwenu Ubundu inatembea siku inayojitakia, na magoti yangu hayataki hata siku hiyo. Sitamuona tena. Tusidanganyane sisi wawili.

Nisalimie bibi yako mushonaji, na shemeji yetu mwalimu wa Korani. Mwambie bado sijatubu, asichoke.

Uongo wangu Dada anaujua tangu utoto. Siku uliyovunja taa ya baba nilisema ni paka, nikala fimbo zako zote, maana hatukuwa na paka. Deni lile hujalipa. Wewe kudanganya hujui, donc atakuamini. Rudi ndani, umusomee tena mwanzo wa barua, kwa sauti, bila kutazama chini. Na akikuuliza kama mutoto alitoka na ndara zake, sema alikuwa nazo zote mbili.

Kaka yako,
Ramazani