Wageni Watakula Wapi

Jumatatu, 3 Juni

Binti,

Salamu. Mimi ni mzima. Presha yangu ilikuwa nzuri mpaka jana jioni. Natumaini wewe na wazazi wako hamjambo. Nakuandikia kwa sababu maneno ya simu hayana shahidi, na kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajione mpumbavu.

Mwanangu ameniletea kijitabu mlichowapelekea wageni wa harusi: "Mahali Tunapopapenda". Karatasi nzito, picha za rangi, mikahawa, bustani, makumbusho, hata kibanda cha aiskrimu. Nimekisoma mara mbili nikitafuta nyumba yangu. Kaka yangu na wadogo zangu wawili wanatoka mbali kuja kwenye harusi ya mwanangu wa pekee. Hawajakanyaga kwangu tangu tulipomzika mama yetu. Nimepaka rangi vyumba viwili, nimenunua sufuria ambayo hata kuinyanyua siwezi. Nawe unawaelekeza wakale kwa watu baki, kama vile jikoni kwangu kuna maradhi.

Nilikuwa matroni wa hospitali mpaka nilipostaafu. Najua namna ya kumfukuza mtu kwa adabu; nimefukuza wengi. Nikiiona kazi hiyo mikononi mwa mwingine, naitambua.

Ondoa kijitabu hicho.

Mama wa mchumba wako


Jumatano, 5 Juni

Mama,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, ila baba ana mafua. Pole kwa presha. Ikiwa mimi ndiye niliyeipandisha, pole tena.

Naomba nieleze, ingawa najua maelezo marefu hukuudhi. Wageni watakaa mjini siku kadhaa, na wengi wao hawapajui. Tuliandika mahali ambapo sisi wenyewe tulijuana. Unajua kazi ya mwanao ya kutengeneza lifti: kila aliponialika chakula cha mchana, ilibidi nimsubiri kwenye mkahawa wa ghorofa ya juu mpaka amalize kutia grisi huko chini. Ndiyo maana karibu kila tunachokipenda kiko juu. Kijitabu hiki si cha kuichukua nafasi ya nyumba yako. Lakini mwandishi si mwamuzi mzuri wa namna anavyosomwa, na inawezekana nilichokiona kuwa ukarimu, wewe ulikuwa na haki ya kukiona dharau.

Hata hivyo siwezi kukiondoa. Zipo sababu ambazo nakusihi usiniulize.

Mwanao mtarajiwa


Jumatano, 12 Juni

Binti,

Salamu, na mafua ya baba yako yapungue. Mimi miguu inaniuma, na utaona kwa nini.

Nimekwenda hapo mnapopapenda, pamoja na jirani yangu muuza dawa, ili kesho usiseme nimesingizia.

Mkahawa wa ghorofa ya sita. Lifti ya mwanangu inapanda vizuri, hilo nalisifu. Supu ililetwa ikiwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Nikairudisha. Ikaja tena vilevile, nikairudisha. Nilipitisha kidole chini ya meza nikakuta chingamu iliyotafunwa na mtu ambaye sasa huenda ana wajukuu.

Mkahawa wa samaki karibu na stesheni. Mhudumu alimshika samaki kwa vidole vilevile alivyojikunia shingo. Nikamwambia akanawe. Akaniuliza, "Bibi, kwani wewe ni afisa wa afya?" Nikamjibu kwamba mimi ni mama wa bwana harusi, cheo ambacho ni kibaya zaidi. Alinawa.

Makumbusho. Ngazi hazina mwisho, na kaka yangu ana goti bovu. Huko juu tulikuta vyungu vilivyovunjika vimefungiwa kwenye vioo. Kwangu vyungu ni vizima na vina chakula ndani.

Bustani haina ubaya, isipokuwa benchi mliloliita "letu" ni la ndege, na wamelitia sahihi.

Sasa hizo sababu nisizotakiwa kuuliza. Mgonjwa akiniambia "usifunue hapo", hapo ndipo nilipokuwa nafunua kwanza. Unawatenga ndugu zangu nami. Nataka kujua umepata faida gani.

Mama wa mchumba wako


Ijumaa, 14 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu. Baba amepona.

Nimejaribu kuandika barua hii bila hasira nikaona haisemi kweli, basi niache hasira ibaki. Mpishi wa ghorofa ya sita alimpigia mchumba wangu simu kumuuliza kama harusi bado ipo. Yule mhudumu wa samaki ndiye aliyetuwekea meza ile jioni tulipokubaliana kuoana, na sasa anatuangalia kama watu tuliompeleka polisi. Mwanao amegeuka tarishi wa matusi yetu: anabeba bahasha, anazikabidhi huku akiangalia pembeni, anarudi kwenye lifti zake, ambazo angalau zikikwama anajua la kufanya. Mimi pia nina mama, naye hajawahi kunipitishia kidole chini ya meza.

Unasema nakutenga na ndugu zako. Nikinyamaza, nitaonekana nina kiburi. Nikisema, nitakuwa nimetoa jambo ambalo si langu, na nadhani litakuumiza. Nimechagua kiburi. Sina uhakika kwamba nimechagua vyema. Usiku huu nina uhakika mdogo kuliko jana.

Mwanao mtarajiwa


Jumatatu, 17 Juni

Binti,

Mimi sijambo. Wewe sikuulizi, kwa kuwa barua yako inaonyesha una nguvu za kutosha.

Kwa upande huu, kwa upande ule, nadhani, sina uhakika: kumbe watu husoma chuo kikuu miaka yote hiyo ili wajifunze kutosema. Wodini kwangu muuguzi aliyeniambia "nadhani nimempa dawa" alifungasha virago siku hiyohiyo.

Mimi nasema hivi. Keshokutwa namwandikia kaka yangu. Nitamweleza kwamba mchumba wa mwanangu amewafungia mlango wa nyumba yangu, na nitamwomba yeye, mkubwa wetu, aseme neno. Atasimama nami, tulilala kitanda kimoja utotoni, naye ndiye mtu wa kwanza niliyemfunga bandeji maishani mwangu. Akishasema, utaniomba radhi mbele yao wote watatu. Usipofanya hivyo, kiti changu cha harusini mpe mpiga picha awekee mikoba yake.

Sitishi mtu. Natoa taarifa.

Mama wa mchumba wako


Jumanne, 18 Juni

Mama,

Shikamoo. Nakuomba usimwandikie. Ikiwa umeshaandika, usiitume kabla ya kumaliza kusoma hapa.

Kijitabu aliyekiomba ni mjomba, kaka yako.

Alinipigia simu mwezi wa tatu, mara tu tulipotangaza siku. Aliniambia kwamba yeye na wadogo zako watakuja, kwa kuwa kijana hana kosa, lakini nyumbani kwako hawatalala wala hawatatia kitu mdomoni. Akanitaka niwatafutie pa kulala na pa kula, na nifanye hivyo bila kukuaibisha. Ndipo nilipofikiri kwamba, ikiwa wageni wote wataelekezwa mikahawani, hakuna atakayewaona watatu. Tulichapa vijitabu mia mbili ili kuwaficha watu watatu. Mwanao alijua. Wazo lilikuwa langu, na nilijivunia. Leo najiuliza kama niliwaficha wao au niliogopa tu kuwa mimi wa kukwambia.

Nilimuuliza mjomba sababu. Akanieleza siku ile bibi, mama yenu, alipokuwa mgonjwa kwako: walivyosafiri usiku kucha, wakafika na mizigo yao saa sita mchana, nawe ukawaambia mlangoni kwamba mgonjwa amelala na saa ya kumwona ni saa kumi. Wakakaa barazani. Bibi akafariki kabla ya saa kumi. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu sithubutu kuyapunguza wala kuyapamba: "Nilimsikia mama anakohoa, kupitia dirishani. Nikasimama. Dada yangu akaniambia nikae."

Sikuwepo, mama. Nimesikia upande mmoja, na aliyenipa upande huo bado anauguza jeraha. Sina hukumu yoyote. Nilichotaka ni usimpelekee barua ya kuomba msaada mtu ambaye angekujibu hivyo.

Mwanao mtarajiwa


Jumamosi, 29 Juni

Binti,

Afya yangu haikuhusu wiki hii. Ya kwako iwe njema.

Barua kwa kaka yangu nilikuwa nimeshaifunga. Nimeichana.

Mama hakuwa amefumba jicho kwa siku nyingi kwa maumivu. Mchana ule usingizi ulikuwa ndio kwanza umemchukua. Mtu akikohoa usingizini haiti mtu. Miaka yangu yote nimewaeleza hivyo ndugu wa wagonjwa, na wote waliniamini isipokuwa wangu. Wangeingia watatu kwa vilio na mizigo, wangemwamsha arudi kwenye maumivu. Nilifanya nilichofundishwa, na leo hii ningefanya vilevile. Sikujua kwamba angeondoka mchana ule. Wao pia hawakujua. Tofauti yetu ni kwamba wao wana mtu wa kumlaumu.

Nilidhani wamekaa mbali kwa sababu ya nauli. Kila sikukuu nilikuwa nawatetea kwa majirani: nauli imepanda, watoto wanasoma. Mtu mzima mwenye akili zake.

Na wewe. Umenihurumia bila ruhusa, ukachapa huruma hiyo kwa rangi na kuigawa kwa watu mia mbili. Ningekuwa nimekuzaa nisingekusamehe. Kwa kuwa sikukuzaa, nitajaribu kukuvumilia.

Kijitabu usikiguse. Alhamisi kabla ya harusi watakuwa wameshafika. Nimeona umewapangia chakula cha jioni pale ghorofa ya sita. Niwekee kiti. Waambie mapema kwamba sitaomba radhi, ili asiwepo wa kukaa akingoja.

Mama wa mchumba wako


Ijumaa, 12 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama jana na umelala. Mimi sikulala vizuri, na kesho nataka kuolewa nikiwa na macho mawili, kwa hiyo naandika mapema ili nilitue jambo hili.

Uliondoka kabla ya mwisho, na yapo mengine hukuyaona. Niseme kwanza nilichoona wakati ukiwepo, ili uone kama nimeelewa. Uliingia, ukawaamkia, wakaitikia kama watu wanaojibu hodi ya jirani. Ukakaa mwisho wa meza. Chakula kilipokuja ukamnyang'anya mhudumu kijiko kikubwa, ukasimama, ukampakulia kila mmoja kwa zamu, samaki, wali, mboga, kana kwamba meza ile ilikuwa yako. Hakuna aliyesema asante. Mama wadogo wote wawili walikaa mikono mapajani. Mjomba aliisukuma sahani yake mpaka ikagusa chupa ya maji, akamwita mhudumu, akaagiza sahani nyingine. Hapo ndipo ulipochukua mkoba wako. Nilikufuata mpaka kwenye lifti nawe ukaniambia nirudi nikawahudumie wageni wangu. Ulisema "wangu". Nililisikia.

Niliporudi, mwanao alikuwa akichezea uma. Kisha mjomba akaivuta ile sahani uliyompakulia, akaanza kula. Chakula kilikuwa kimepoa. Alikula mpaka akamaliza, akaondoa na miba, akaipanga pembeni. Mama mdogo yule mkubwa akamtazama, halafu naye akachukua kijiko.

Nimelifikiria jambo hili usiku mzima na sijui nilipe jina gani. Ningependa kukwambia kwamba ulikuwa msamaha. Lakini alikuwa amesafiri siku nzima, na ile sahani aliyoagiza ilikuwa bado iko jikoni. Huenda ilikuwa njaa tu. Masomo yangu yalinifundisha kutosoma katika tendo zaidi ya kilichomo, nami mara nyingi hushindwa.

Tulipokuwa tunasubiri lifti, mjomba alinigeukia. Hakunilainishia uso; sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta ugomvi, na wadogo zake waliinamisha vichwa kama wanaouona unakuja. Aliniuliza, "Hivi kwake siku hizi, Jumapili, mtu anaruhusiwa kuingia kuanzia saa ngapi?"

Sikujua kama ananikejeli mimi, anakukejeli wewe, au anauliza. Pengine yote. Sikuthubutu kumjibu kwa niaba yako, mama. Nilimwahidi kwamba nitakuuliza.

Mwanao mtarajiwa


Ijumaa, 12 Julai, jioni

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima.

Jumapili uje asubuhi unisaidie jikoni. Najua utakuwa bibi harusi wa jana. Vitunguu havilijui hilo. Kucha uzikate, maana nitaziangalia. Na mumeo aje aninyanyulie sufuria.

Kaka yangu usimpe saa yoyote. Muulize yeye siku hizi huamka saa ngapi.

Mama mkwe